Jiwe la Kwa Mpagazi

Kila mwenye baiskeli anajua kwamba mlimani atateseka na mteremkoni atapumzika. Ndiyo haki yake barabarani. Enoki alikuwa akiipata haki hiyo mara mbili kwa wiki kwa miaka minne, akibeba mifuko ya barua kati ya Njombe na Makambako, na barabara ile ya vilima visivyokwisha, kupanda kidogo, kushuka kidogo, aliijua kwa magoti yake. Kwa hiyo Jumanne moja ya mwezi wa Juni, mwaka 1938, baiskeli ilipogoma kuserereka kwenye mteremko mrefu, alidhani breki zimeng'ang'ania.

Alishuka. Akainua gurudumu la nyuma na kulizungusha kwa kidole, likazunguka vizuri. Cheni ilikuwa na mafuta. Mipira ilikuwa na upepo wa kutosha. Akapanda tena na kuachia miguu, na baiskeli ikasimama pale pale mteremkoni, ikataka kulala. Ikabidi apige pedeli kushuka mlima, jasho likimtoka katika baridi ile ya asubuhi, na nyuma yake chuma cha keria kikilia kama kinavyolia mtu mzima anapokikalia.

Aligeuka kutazama. Hapakuwa na kitu ila mifuko yake miwili, na ukungu uliokuwa unapanda kutoka mabondeni.

Sasa, chanzo cha mambo haya kilikuwa kidogo sana, na mtu yeyote wa baiskeli angeweza kukifanya. Mfuko wa kushoto ulikuwa na vitabu vya shule ya Mwalimu Ezekia, rafiki yake. Mfuko wa kulia ulikuwa na barua tu. Tangu Makambako baiskeli ilikuwa inavutia kushoto, na dawa ya jambo hilo inajulikana: unatafuta jiwe, unalitia upande mwepesi, unaendelea na safari. Enoki alivumilia alipolipita lile handaki la askari wa Mjerumani lililoota nyasi. Alivumilia alipoyapita makaburi ya vita vya Majimaji. Alipofika mahali panapoitwa Kwa Mpagazi, uvumilivu ukamwishia.

Kwa Mpagazi palikuwa na rundo la mawe kando ya barabara, refu kufikia kifua cha mtu. Desturi ya wapita njia, tangu vita vile vikubwa vya Wazungu, ilikuwa kuokota jiwe moja, kuliweka juu ya rundo, kusema "Pole na mzigo," na kwenda zako. Wengi walifanya hivyo bila kujua ni kwa nini. Enoki hakufanya. Alikuwa mzee wa kanisa, ingawa hakuwa na mvi hata moja, na aliona haya kuzungumza na mawe. Siku hiyo alinyoosha mkono, akachagua jiwe bapa lenye ukubwa wa kichwa cha mbuzi, akalitia kwenye mfuko wa kulia. Baiskeli ikakaa sawa. Akajisifu moyoni.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na Enoki alikuwa akiifundisha methali hiyo kila Jumapili kwa watoto.

Angelitupa jiwe lile mbele ya nyumba, pengine mambo yangeishia hapo. Lakini mkewe, Hulda, alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, akaliona.

"Jiwe zuri hili, Baba Gideoni. Figa letu moja limepasuka. Umelitoa wapi?"

"Barabarani," akajibu Enoki.

Hulda akalichukua, akaliingiza jikoni, akalipanga pamoja na mafiga mengine mawili. Chungu kikakaa juu yake bila kuyumba. Jioni hiyo, mwanga ulipoanza kufifia, walisikia nje kishindo kizito, pu, kama gunia linapotuliwa, halafu pumzi ndefu ya mtu aliyetua. Enoki alifungua mlango. Ukungu ulikuwa umefika hadi ukutani. Baiskeli ilikuwa imeegemea mahali pake, lakini gurudumu la nyuma lilikuwa limezama kwenye udongo mkavu kiasi cha vidole viwili, na hewa ilinuka kamba iliyolowa na jasho la siku nyingi.

"Ni nani?" Hulda aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna mtu."

Alirudi ndani. Hulda alikuwa ameinamia sinia la ugali, hajasogea.

"Umeshaanza kula?"

"Sijanawa bado, Mama Gideoni."

Kwenye ugali palikuwa na tonge lililomegwa. Alama za vidole vinne zilionekana wazi, vidole vipana, na ugali ulikuwa bado unafuka moshi, wa moto kiasi ambacho mkono wa mtu haungeweza kuugusa. Walikula upande wa pili wa sinia, wala hawakulizungumza jambo lile. Watu wa kanisa wana namna yao ya kuogopa: hawataji kitu, wakidhani kisipotajwa hakipo.

Kilichowafanya wataje ni mtoto.

Gideoni alikuwa na miezi minane. Kabla yake walizaliwa wawili, na wote wawili walizikwa nyuma ya nyumba kabla ya kubatizwa. Enoki alimpenda mtoto huyu kwa mapenzi yenye hofu ndani yake. Hakuwahi kuondoka asubuhi bila kuweka kiganja juu ya kifua chake na kungoja kifua kiinuke. Basi wiki ile mtoto alianza kukonda. Mashavu yalinywea, macho yakawa makubwa. Na hapo hapo, akawa mzito. Hulda alikuwa mwanamke wa kubeba mzigo wa kuni na mtoto na jembe kwa pamoja, lakini sasa akimfunga Gideoni kwa mbeleko alitembea ameinama, na akifika kisimani ilimbidi akae chini. Alimpeleka zahanati. Dresa, mtoa dawa wa pale, akampima, akatikisa kichwa, akatoa chupa ya dawa.

"Mizani inasema amepungua," Hulda alimwambia mumewe jioni ile, akimwogesha mtoto kando ya moto. "Mgongo wangu unasema ameongezeka. Mimi niamini kipi?"

Kisha akaacha kumwaga maji. Alikuwa anapapasa bega la kulia la mtoto kwa kidole gumba. Kisha akaushika mkono wa mumewe na kuuweka pale. Juu ya bega lile dogo palikuwa na sugu, gumu na pana, lililopasukapasuka, sugu ambalo mwanamume hulipata kwa kubeba miaka mingi.

Asubuhi yake walikwenda kwa Lameki.

Mzee Lameki ndiye aliyekuwa akipiga kengele ya kanisa, na katika vita vya Wazungu alikuwa mpagazi. Aliwakaribisha, akamtazama mtoto bila kumgusa, kisha akafungua vifungo vya shati lake na kulishusha upande mmoja. Bega lake lilikuwa na sugu kama lile.

"Umechukua jiwe Kwa Mpagazi," alisema.

"Nilisawazishia baiskeli, babu. Sikuwa na nia mbaya."

"Nani amesema habari ya nia?" Mzee alifunga vifungo vyake polepole. "Yule aliyelala pale alikuwa Mkinga, mtu wa Makete, akiitwa Sila. Nilitembea nyuma yake. Aliumwa tumbo siku tatu, na kila tulipokutana macho alisema, nipokeeni, ndugu zangu, nipokeeni kidogo. Kila mmoja wetu alikuwa na mzigo wake kichwani, na askari alikuwa na fimbo. Hatukumpokea. Akafa amesimama, mzigo uko begani. Tulimfunika kwa mawe, kila mmoja jiwe lake, tukamwambia pole. Tangu siku hiyo anangoja atakayempokea. Wewe ulinyoosha mkono, ukachukua."

Hulda alimkumbatia mtoto. "Mbona basi amemtwika huyu? Mtoto amekosa nini?"

"Mzigo wa nyumba hushuka mpaka kwa asiyeweza kukataa, mama. Hata sisi ndivyo tulivyochaguliwa wakati ule."

Kisha akamweleza Enoki la kufanya. Alibebe jiwe begani kwa miguu, bila baiskeli, maili zote kumi na nne. Asilitue njiani. Akifika, aliweke juu ya rundo, aombe radhi.

"Na sikiliza hili," alisema Lameki, akimshika mkono. "Jiwe ni jiwe tu. Mzigo hauko kwenye jiwe, uko katika kupokeana. Njiani watu watakuonea huruma. Akija mtu akasema lete nikupokee, mkatalie, hata awe mchungaji. Atakayekupokea amepokea yote, na wewe utarudi nyumbani huna mzigo. Unanielewa?"

"Nimeelewa, babu."

Aliondoka alfajiri, Hulda akiwa amelitoa jiwe majivuni na kulifuta kwa upindo wa kanga. Maili za kwanza hazikuwa na taabu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema watu, na yeye mwenyewe alikuwa amewahi kuwatania wabeba mizigo kwa methali hiyo akiwapita kwa baiskeli. Kufikia maili ya sita hakuwa tena na utani. Jiwe lilikuwa linakula bega. Mwanamke mmoja aliyebeba kapu la viazi alimsalimu kwa upole, "Kamwene, kaka. Lete nikusogezee mpaka pale juu." Enoki akamkatalia kwa ukali hata mama wa watu akasimama kando ya njia akimshangaa.

Ukungu ulishuka saa nne na haukuondoka. Akawa haoni ila hatua kumi za barabara mbele yake, na katika hatua hizo kumi alianza kusikia nyingine zisizo zake, nyuma yake kidogo, hatua za miguu pekupeku inayoburuta, zikisimama aliposimama na kuanza alipoanza, na ile harufu ya kamba iliyolowa ikamjia kwenye shingo, na pumzi ya mtu anayeumwa tumbo ikawa inapanda na kushuka sambamba na yake mpaka hakujua tena ipi ni ya nani, naye akaenda akimtaja Mungu na mtoto wake, Mungu na mtoto wake, bila kuthubutu kugeuza kichwa, akijiambia kwamba kila hatua inamwondolea Gideoni uzito kidogo, kidogo tu, mpaka alipoona jiwe la maili lenye namba kumi na nne na akajua amefika.

Rundo halikuwepo.

Mahali pake palikuwa na udongo mwekundu uliosawazishwa. Tangu safari yake ya mwisho vibarua wa barabara walikuwa wamepita wakipanua njia. Mawe yote ya Kwa Mpagazi, mawe ya miaka ishirini, yalikuwa yamepondwa kokoto na kumwagwa barabarani mbele na nyuma, na magari yalikuwa yameshaanza kuyakanyaga. Enoki alizunguka pale na jiwe lake begani akitafuta hata mawili yaliyobaki yamekaa pamoja. Hakuna. Hapakuwa na mahali pa kulitua. Nyuma yake zile hatua zilisimama pia, zikangoja.

Alilia. Alisimama katikati ya barabara akalia kwa sauti, mzee wa kanisa, na alikuwa bado analia aliposikia kengele ya baiskeli.

Alikuwa Mwalimu Ezekia, anatoka Makambako. Alishuka haraka, akaiegemeza baiskeli kwenye paja.

"Kamwene, ndugu yangu. Kuna nini? Mbona uko hapa kwa miguu?"

Mwezi uliopita Enoki na Hulda walisimama kanisani wakawa wasimamizi wa ubatizo wa Ida, mtoto wa kwanza wa Ezekia na mkewe Dorkasi. Ida alikuwa na miezi mitatu. Enoki alilikumbuka hilo. Napenda ijulikane kwamba alilikumbuka, maana baadaye alijaribu kujidanganya kwamba kichwa kilikuwa kimechoka.

"Baiskeli ni mbovu," alisema.

"Na jiwe hili?"

"La jikoni."

Ezekia akacheka kidogo kwa huruma. "Kutoka huku kote? Lete nikupokee, bwana. Nina keria tupu."

Neno moja lingetosha. Hapana ni neno fupi, na mama wa viazi alikuwa ameambiwa asubuhi bila shida. Enoki alifungua mdomo. Alimwona Gideoni, yale macho makubwa, lile bega. Mdomo ukafungika. Akainama, na Ezekia akaliondoa jiwe begani pake kwa mikono miwili, akalifunga kwenye keria kwa mpira.

"Kumbe zito," alisema Ezekia. "Nitakuwekea nyumbani."

"Kaa nalo, Mwalimu. Mama Ida atalihitaji."

Ezekia akamshukuru. Alipanda baiskeli, akaingia kwenye mteremko, na Enoki akabaki amesimama akimtazama akizama ndani ya ukungu, amenyanyuka kutoka kwenye kiti, akipiga pedeli kwa nguvu zake zote kushuka mlima.

Nyumbani alimkuta Gideoni ameketi mkekani anacheka. Lile sugu lilikuwa limebaki wekundu tu. Hulda alimnyanyua mtoto kwa mkono mmoja, akamrudisha, akamnyanyua tena, machozi yakimtoka.

"Umelitua salama?"

"Nimelitua," alisema Enoki.

Alikula vizuri usiku ule. Tusimfanye mbaya kuliko alivyokuwa: Jumapili mbili mfululizo alikwenda mpaka karibu na nyumba ya Ezekia akiwa na nia ya kusema, na mara zote mbili alirudi njiani. Jumapili ya tatu Dorkasi hakuja kanisani. Mgongo unamuuma, walisema watu, na mtoto hana hali. Hulda alikwenda kumsaidia kupika. Alirudi jioni, akakaa kwenye kigoda bila kuvua kitambaa cha kichwa.

"Nimemwogesha Ida," alisema. "Nimeona figa lao pia." Alimgeukia mumewe. "Kesho asubuhi utakwenda kwa Mwalimu. Utamwambia, lete nikupokee."

"Halafu Gideoni?"

Hulda alimtazama mtoto aliyekuwa anajaribu kusimama kwa kushika mguu wa meza, akaficha uso kwenye kanga. Hakulisema tena neno lile, na Enoki hakwenda kesho yake, wala kesho kutwa.

Ida alizikwa Ijumaa.

Makaburi yalikuwa ng'ambo ya kilima, na jeneza lilikuwa dogo hata baba yake akalibeba mwenyewe mikononi. Watu walifuata wakiimba kwa sauti ya chini. Wanaume wawili walitembea ubavuni kwa Ezekia tayari kumsaidia, lakini aliwakataa. Walipofika katikati ya kilima akaanza kuinama. Kisanduku kile cha mbao nyepesi kilikuwa kinamvuta chini, na jasho lilimtiririka usoni pamoja na machozi. Mzee Lameki, aliyekuwa mbele na kengele ya mkononi, alisimama. Aligeuka, akaona, kisha akamtafuta Enoki kwa macho katikati ya watu.

Ezekia naye akageuka.

"Msimamizi wake yuko wapi?" aliuliza. "Enoki. Nipokee, ndugu yangu. Nipokee kidogo."

Wimbo ulikoma. Kanisa zima lilikuwa linatazama, mchungaji, wazee wenzake, Dorkasi akiwa ameshikiliwa na wanawake wawili. Hakuna mtu duniani anayemkatalia mfiwa mzigo wa namna hiyo. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, na ndani yake, chini ya harufu ya udongo mbichi, palikuwa na kamba iliyolowa.

Enoki alisogea mbele. Akanyoosha mikono, akapokea.

Nyuma, kati ya wanawake, Hulda alikuwa amembeba Gideoni mgongoni. Alihisi mbeleko ikikaza begani, ikashuka kidogo, ikakaza tena. Akapeleka mkono nyuma, akamshikilia mtoto kwa chini, na wanawake wakamwambia atembee, wanaachwa.